Pedi ya Zambarau

Nianze na kuku, maana kila nikikumbuka mambo haya ni yeye ninayemwona kwanza. Nilimchonga kwa wembe kwenye soli ya ndala iliyokatika mkanda, mkia juu, jicho lake tundu dogo la sindano. Ndiye mhuri wangu wa kwanza kutoka vizuri, na kina mama wa hapa Masumbwe walimpenda kwenye bahasha za zawadi na vitambaa vya meza. Sasa mtu mzima, tena kiongozi, alikuja akasimama sebuleni kwangu, akamwinua kuku huyo kwa vidole viwili na kuniuliza ni wa ofisi gani.

Mimi natengeneza pedi za wino nyumbani. Si zile za dukani, nyeusi, bluu na nyekundu basi, ambazo upepo wetu wa kiangazi ukizipitia mara moja zinakuwa ngumu kama kisigino. Zangu ni za rangi unayotaka wewe. Huku kwetu hakuna shughuli bila sare. Send-off, kipaimara, kikundi cha kufa na kuzikana, kila watu wana kitenge chao, na mama akishapata sare anataka kadi, bahasha na mifuko ya zawadi vyote viende na rangi hiyo. Basi ananiletea kipande kilichobaki kwa fundi cherehani, ananiwekea mkononi na kusema, "Hii hii. Sitaki inayofanana nayo."

Hiyo "hii hii" ndiyo kazi yenyewe. Nachemsha rangi ya unga, ile wanayotilia ukindu wa mikeka, kwenye sufuria ambayo nyumbani kwangu hakuna anayethubutu kuipikia. Natia gundi ya mgunga niliyoiloweka usiku kucha; wifi yangu wa Kishapu huniletea kila anapokuja kututembelea. Natia karafuu chache ili wino usiote ukungu, halafu glisirini, ile ile ya kupaka miguuni, inayozuia wino kukauka. Sponji ya godoro naomba mabaki kwa fundi wa makochi. Naivika flana, naikalisha kwenye kopo la dawa ya viatu lililosuguliwa likatakata, nainywesha wino kwa kijiko, polepole. Mwisho nagonga kwenye kitambaa cheupe na kusubiri kikauke, kwa sababu wino mbichi ni mwongo. Kikishakauka natoka nacho nje juani, nakilaza kando ya kipande cha sare. Visipofanana narudi jikoni. Kuna rangi zilizonirudisha jikoni mpaka nyumba nzima ikala ugali na maziwa kutwa.

Zambarau ilikuwa mojawapo. Niliagizwa na kwaya ya kina mama, na zambarau yao ilikuwa ya shida. Ukizidisha wekundu inakuwa rangi ya kidonda, ukizidisha bluu inakuwa sare ya shule. Niliipata hatimaye. Nilijivunia, na sioni kwa nini nisiseme.

Ila siku hizo mji ulikuwa na maneno. Mnunuzi mmoja wa dhahabu alikuwa ameonyeshwa kibali chenye mhuri wa uongo, na mtu akasema mihuri hiyo inatengenezwa humu humu majumbani. Na mihuri ya maofisi tunayoijua sisi rangi yake haiko mbali na zambarau. Jirani yangu wa ukuta mmoja aliona nimeanika vitambaa vyangu vya majaribio kwenye kamba, akajumlisha mwenyewe, jibu akalipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti alikuja mchana na mgambo mmoja, nikiwa na mikono ya zambarau hadi kwenye viwiko.

"Mayu, tumesikia unatengeneza mihuri," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Natengeneza. Karibuni mkae."

Hakukaa. Alizunguka meza, akamwinua kuku.

"Huu ni wa ofisi gani?"

"Mwenyekiti, huyo ni kuku."

"Naona ni kuku. Aliyeweza kuchonga kuku, nembo itamshinda?"

Nimeulizwa mambo ya ajabu maishani, ila hilo bado linaongoza. Kwa akili hiyo kila mwenye panga Masumbwe ni muuaji, na kila mwenye kiberiti ameshachoma soko. Nilimwonyesha mihuri mingine: jani la mlenda, ng'ombe, ua la alizeti. Nilimwonyesha kipande cha sare ya kwaya. Mgambo alikuwa anatazama chini, nadhani aibu ilimshika. Mwenyekiti hakushikwa na kitu. Alifunika kopo la pedi ya zambarau, akalitia mfukoni mwa koti.

"Hii inakaa ofisini hadi tujiridhishe."

Walijiridhisha taratibu sana. Nilikwenda kuulizia pedi ya watu, nikaambiwa bado. Nikarudi tena, bado. Kwaya wakaenda kwenye tamasha lao na kadi za kuchapisha, zambarau ya kidonda kabisa. Wateja wengine walikuja mmoja mmoja kuchukua vipande vyao vya sare, kwa adabu, "tutarudi tu mama yangu," na hawakurudi. Dukani nikaanza kuitwa Mama Mihuri. Mume wangu alisema ninyamaze, upepo utapita. Nilimwambia upepo haujamwita yeye Baba Mihuri.

Hayo ningeyameza. Lakini binti yangu, kitindamimba, akapata nafasi chuo cha uuguzi, na chuo kikataka barua ya utambulisho yenye mhuri wa kitongoji. Bila barua hapokelewi, na siku ya kuripoti ilikuwa imekaribia. Tukaenda wote wawili, mimi na yeye, barua tumeshaiandika. Mwenyekiti aliisoma barua hadi chini, akairudisha mezani.

"Mayu, mimi nakuheshimu. Ila barua ya nyumba yako, hata nikiigonga mimi, watu watasema umeigonga wewe. Lete mashahidi, majirani, waone naigonga."

Mtoto aliyekaa hapa miaka yote, aliyechanjwa hapa, aliyesoma hapa, ahitaji mashahidi kwamba mhuri wake ni wa kweli kwa sababu mama yake amechonga kuku! Binti yangu alinivuta kiganja. Nikatoka, nikaenda kubisha hodi kwa majirani, na wa kwanza niliyemkuta nyumbani alikuwa yule yule wa kamba ya vitambaa. Alikubali upesi. Aliomba nimsubiri abadili gauni.

Tukarudi ofisini, mimi, binti yangu, jirani na mzee mmoja wa nyumba ya pili. Mwenyekiti aliwapanga mashahidi karibu na meza kama wanaopigwa picha. Akavuta droo, akatoa kopo la dawa ya viatu.

Sikuhitaji kuuliza. Flana yake niliishona mimi. Katikati ilikuwa imekwisha kulika kwa kugongewa. Alichovya mhuri wake, akagonga, na alama ikatoka safi, kila herufi mahali pake. Hapo ndipo nilipotazama barua nyingine zilizokuwa mezani zikisubiri wenyewe. Zote zilikuwa zimegongwa kwa rangi ya kwaya. Kitongoji kizima kilikuwa kinatambulishwa kwa wino wangu, wino ule ule ulionifanya niitwe mghushi.

"Za dukani zinakauka," alisema, bila hata kupepesa. "Hii haikauki. Mayu, ikipungua inaongezwa nini?"

Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa yamejipanga mdomoni, na mashahidi walikuwepo, tena aliwataka mwenyewe. Lakini barua bado ilikuwa chini ya kiganja chake, na binti yangu alikuwa ameishika bahasha wazi, anaingoja.

"Glisirini," nikasema. "Matone machache, kisha ufunike."

Akaandika pembeni ya gazeti asije akasahau. Ndipo akaiachia barua.

Binti yangu yuko mwaka wa mwisho sasa. Watu wanaojua kisa hiki huniambia, si yaliisha vizuri? Hayakuisha. Pedi haijarudi. Hakuna aliyesimama popote kusema mimi si mghushi, na wapo wanaopitisha barua zao mlangoni kwangu zikiwa zimegongwa kwa wino wangu huku wakiniita Mama Mihuri. Jirani wa kamba bado anasimulia tulivyokwenda ofisini, na hapo simwezi, maana anachosimulia ni kweli. Nilichukua barua, nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante, mwenyekiti." Nilisema kwa sauti, na mashahidi wote wawili walisikia.