Mpishi Aliyemwelewa Adui Tu

Juzi mwanangu alikuwa kajilaza kwenye kochi, hapa hapa Area D, anaangalia picha ya sinema kwenye simu. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele, hata sura sizioni. Nikasikia sauti moja ya taratibu, kila neno limenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Nikasema, "Huyo ndiye adui. Ni Mwingereza." Mtoto akanicheka. Dakika kumi baadaye mtu yule akamchoma kisu rafiki yake. "Mama, umejuaje?" Nilijua kwa sababu ya Mpishi, na wewe nawe kaa hapo nikusimulie, maana nisipomsema mimi sijui nani atamsema.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba imejaa sokoni na sabuni haipangiwi foleni tena. Mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu alileta televisheni na deki ya video, akajenga banda la mabati, akatandika mikeka mbele na mabenchi nyuma. Jumamosi na Jumapili alasiri, nikishachota maji na kutwanga karanga za mlenda, Mama aliniachia niende. Ndani kulikuwa na joto la kuivisha mkate, vumbi jekundu na harufu ya jenereta, na sisi watoto tunamung'unya ubuyu. Picha zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza chetu kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Ndiyo maana pembeni ya televisheni, juu ya kigoda, aliketi jirani yetu Mpishi akitufasiria.

Mpishi alikuwa amewapikia Waingereza tangu enzi za mashamba yao ya karanga kule Kongwa. Kiingereza chao alikijua hadi kikohozi. Cha Wamarekani hakukijua hata kidogo, na hilo hakumwambia mtu. Sasa picha zilikuwa za Wamarekani, lakini adui mara nyingi walimwazima Uingereza. Tulipomuuliza kwa nini waigizaji wale wanahama kwao, alijibu, "Mpishi hufuata jiko lenye kuni." Alituonyesha mmoja ambaye katika picha ya kwao alikuwa padri mpole, alipovuka bahari akapewa bastola. Waingereza nao waliazima. Siku Mmarekani alipotokea katikati ya picha ya London, Mpishi alishusha pumzi: "Hata huku wamemleta!"

Basi adui akiongea, Mpishi alitupa hotuba ndefu, tamu, yenye sababu zake zote. Stelingi, yule shujaa wa picha, akifungua mdomo, tuliambiwa, "Anasema twende." Tukawa tunawahurumia maadui. Mimi nililia mmoja wao alipokufa, jambazi kabisa, kwa kuwa alikuwa na maneno mazuri.

Siku moja stelingi alishika simu kwenye kituo cha treni, akaongea muda mrefu huku machozi yanamtoka. Hapo "twende" isingetosha. Mpishi akajikohoza. "Anaagiza kuku. Anasema wasichelewe, na pilipili iwe nyingi." Tulivunjika mbavu. Mwenye banda hakucheka. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda jipya na kijana mfasiri aliyesifiwa kwa Kimarekani chake.

"Mzee wangu," mwenye banda alimwambia Mpishi mbele yetu, "stelingi wako hasemi kitu, na watu wanahamia ng'ambo. Msimu wa zabibu ukiisha, nitatafuta mwingine."

Mpishi aliishi peke yake. Kigoda kile ndicho kilichomfanya aitwe na kusubiriwa.

Lakini hakulalamika. Kila Jumatano alfajiri alipanda baiskeli yake kuukuu hadi Makutupora, alikokuwapo Mmarekani mmoja akiwafundisha wakulima kupogoa mizabibu. Wakapatana: Mpishi apike, Mmarekani aongee. Mvua ilinyesha, mipira ikapasuka, goti likavimba, alienda. Jioni tulimsikia uani akirudia maneno kwa kupitisha puani, tukamcheka, mpaka Mama akatutimua kwa mwiko. "Mnamcheka mtu mzima anayesoma? Nyie mliopata sifuri!"

Zabibu za mwisho zilipovunwa, Mpishi aliomba iwekwe picha ileile. Stelingi alipoweka simu chini, akaomba deki isimamishwe. Akasimama, akavua kofia.

"Wanangu, hapa niliwadanganya. Sikuelewa, nikaona haya kunyamaza. Huyu haagizi kuku. Anaongea na mama yake mgonjwa. Anamwambia hatamuwahi."

Mkanda ukarudishwa nyuma. Akatufasiria neno kwa neno, sauti yake ikikatika, na banda zima tukalia, hata wale wa mabenchi. Mwenye banda alijifanya anashughulikia waya. Kisha akasema, "Kesho uje mapema, mzee."

Mpishi ametangulia mbele ya haki. Banda sasa ni duka la vipuri vya bajaji, na mwanangu husoma maandishi chini ya picha, peke yake, mara nyingi masikio kayaziba kwa visikilizi. Nalikumbuka banda lile na roho inaniuma.

Mimi kila asubuhi naenda Mtumba, wizarani, kutafsiri nyaraka. Zipo siku sentensi inanishinda, mkubwa wangu anasubiri, na mkono unataka kuagiza kuku. Huiweka kalamu chini, nikainuka, nikaenda ofisi ya jirani kumuuliza anayejua.