Mkasi wa Dada

Dada yangu ni fundi cherehani, na mkasi wake wa vitambaa hauguswi na mtu. Ukitaka kukata karatasi, tumia meno. Sasa shemeji, mumewe, mtu mzima na akili zake timamu, akauchukua akakatia waya wa antena, kisha akaurudisha mezani na kujitia hamnazo. Dada alipoujaribu, ukawa unatafuna kitambaa badala ya kukata. Usiku ule alimsema mpaka basi. Shemeji akakana katakata, wakalala wamepeana mgongo.

Asubuhi Dada hakutoa neno. Shemeji akajua amenuniwa, na nadhani moyoni alishukuru. Akapika chai mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tangu wameoana, akampelekea kitandani. Mimi nakaa chumba cha pili, nikaja kuchungulia maajabu hayo. Akaninong'oneza, "Usiingilie, mwenzangu kanuna."

Lakini Dada namjua. Akinuna, nyumba nzima hupata habari: sufuria zitagongana, milango itabamizwa. Huyu alikuwa kimya kwelikweli. Mdomo ulikuwa umepinda, na mkono wa kulia, ule wa mkasi, umelala juu ya shuka kama si wake. Tukamkimbiza hospitali. Sijawahi kuogopa vile.

Daktari akasema ni kiharusi, bonge la damu limeziba mshipa wa ubongo. Tatizo ni kwamba kilimkuta usingizini, hakuna ajuaye kilianza saa ngapi, kwa hiyo akauliza ni lini tulimwona mzima kwa mara ya mwisho. Shemeji ndiye aliyejibu.

"Jana usiku alikuwa mzima kabisa, daktari. Alikuwa ananigombeza."

Bahati nzuri picha za kichwa zilionyesha sehemu kubwa ya ubongo bado hai, ila bonge litolewe upesi. Daktari akaeleza kwamba watapitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, waupandishe hadi kichwani, walinase na kulivuta nje. Aliposikia neno waya, shemeji akainamisha kichwa.

Tulipokaa kwenye benchi kusubiri, aliniambia anachoogopa: Dada asije akanyamaza moja kwa moja, na la mwisho alilosikia kutoka kwake likawa uongo. Mimi ambaye humtania kila siku, nilimshika bega.

Dada alipotolewa chumba cha upasuaji, daktari akamwomba ainue mkono wa kulia. Ukapanda polepole. Vidole viwili vikafunguka, vikafungana, vikafunguka tena. Akamgeukia mumewe.

"Ulikatia... nini?" Sauti ilikuwa nzito, lakini ilikuwa yake.

"Waya wa antena," shemeji akasema, machozi yanamtiririka. "Ni mimi, mke wangu."

Dada akavuta pumzi, akaanza kumgombeza. Daktari akataka kumzuia, akisema mgonjwa anahitaji kupumzika. Shemeji akamwomba amwache kidogo tu, akasogeza kiti mpaka kikagusa kitanda.

"Endelea," akamwambia. "Anza tena pale mwanzo."