Mashine Haioshwi

Asubuhi ile mama alikuwa haambiliki wala hasemezeki. Mpini wa mashine ya tambi ulikuwa umegoma kuzunguka, na saa sita mchana mpishi wa hoteli ya kona angekuja kuchukua masinia yake matatu kama kila siku. Saa mbili ilikuwa imeshapita. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akausukuma kwa uzito wake wote, nao si uzito wa kitoto. Meza ikasogea mpaka ikagonga ukuta, mashine tuli.

"Nani ameigusa hii?"

Jamani, swali gani hilo? Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, yeye na mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe kazi yake ni ya safari, wiki tatu hayupo, moja yupo. Mkwe alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Niliiosha jana jioni, mama."

"Uliifanya nini?"

"Niliiosha. Kwa maji na sabuni. Ilikuwa..."

"Ilikuwa! Ilikuwa nini? Wee, una wazimu?"

Basi akamtolea uvivu. Na mama huyu akimtolea mtu uvivu, majirani huzima redio wasikilize. Miaka kumi na mmoja, alisema, kila anayeingia jikoni humu anaambiwa neno lile lile: mashine haioshwi! Unga wa ndani ukipata maji unakuwa gundi, gundi ikikauka inakuwa saruji, na chuma kinashika kutu. Inapanguswa kwa brashi kavu, basi. Mtoto mdogo anajua hilo. Paka wa jirani analijua!

Na hapo alikuwa na haki, tusimwonee. Alivyosema ndivyo ilivyo.

Halafu akahamia kwenye la tambi. "Na tambi zangu unazila. Usidhani nimesahau. Naacha masinia matatu yamejaa, nikitoka kuoga moja lina shimo katikati. Nakuuliza, unasema umekula. Mwezi mzima! Nikanyamaza kwa heshima ya mwanangu. Mlafi mkubwa wee, sasa umeniulia na mashine."

Mkwe alikikunja kitambaa chake mara mbili, akamtazama. Hilo likamchoma mama kuliko yote. Unagomba, mwenzako anakutazama kama ukuta, hasira utaitua wapi?

Kilichomtia kiwewe hasa ni maneno ya mpishi wiki iliyopita. Tajiri wake, mpishi alisema, anataka tambi za paketi, hazina usumbufu. "Mimi nakutetea, mama, lakini siku moja tu ukikosa, sitakuwa na la kumwambia." Zamani mama alifua mashuka ya hospitali mpaka magoti yakakataa kusimama. Tambi ndiyo kazi aliyoianzisha mwenyewe, bila msimamizi wa kumpigia kelele, na hoteli ndiyo mteja wake wa pekee. Ikiondoka hoteli, anabaki mzee wa kukaa kitako na kulishwa na mwanawe. Afadhali afe.

Akachukua bisibisi.

Tangu ainunue hakuwahi kuifungua. Aifungue ya nini, kitu kinafanya kazi? Alitoa skrubu nne za ubavuni, akavua kifuniko, akaipindua mashine miguu juu dirishani penye mwanga. Chini ya zile rola mbili zinazobana donge la unga kuna vibamba vyembamba vya kukwangua unga unaong'ang'ania. Alipovichomoa, harufu ikampiga usoni.

Juu kulikuwa na ute mweupe uliokauka. Huo ulikuwa wa jana, wa maji ya mkwe, na ndio uliozigandisha gia. Alipoukwangua kwa kijiti, akakuta wa kijivu. Chini ya wa kijivu, mweusi, mgumu, unene wa kidole. Lo! Huo haukuwa wa jana wala wa mwaka jana. Ulikuwa unga wa miaka uliolowa mafuta ya cherehani, yale aliyoyamimina mwenyewe kila Ijumaa bila kipimo, akijisifu kwamba anajua kutunza vitu.

"Ulijua?" aliuliza bila kugeuka.

"Tambi zilikuwa zinatoka na madoa meusi, mama. Tangu mwezi uliopita."

"Mbona mimi sikuyaona?"

Mkwe akasita. Miwani ilikuwa imekatazwa kutajwa katika nyumba ile. "Ni madogo," akasema. "Ukienda kuoga nilikuwa nazichambua. Zenye doa naziondoa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema tuifungue tuitazame. Ukaniambia nisikufundishe kazi."

Kweli mama alisema hivyo. Alisema na mengine mabaya zaidi.

"Na ulizoziondoa ulizitupa wapi?"

"Ungeziona kwenye ndoo ya taka, ungejua." Mkwe aliviringisha kitambaa mkononi. "Nikazila."

Mama akakaa kwenye kigoda. Hasira ilikuwa bado imemjaa tele, ila sasa hakuwa na wa kumtupia. Alijichukia. Aliuchukia mdomo wake, kwa lile neno mlafi.

"Lete brashi," akasema kwa ukali. "Na kitambaa kikavu. Umesikia? Kikavu!"

Wakakwangua wote wawili. Gia wakazipangusa jino kwa jino, vibamba wakaviweka juani dirishani, kutu wakaisugua mpaka chuma kikang'aa. Mafuta safari hii yalikuwa tone moja kila ncha ya rola, na la ziada likafutwa. Wakafunga. Mpini ukazunguka. Kisha wakapitisha donge la kutupa, la kubeba uchafu uliobaki. Likatoka na michirizi.

"Limetakata?" mama aliuliza.

"Bado."

La pili. "Bado, mama." La tatu, la nne.

"Sasa?"

"Sasa safi."

Saa tano ilikuwa imeshapita. Mpishi alipobisha hodi na masinia yake matatu matupu ya kesho, walikuwa wamejaza moja na nusu.

"Nyingine ziko wapi?"

"Nimezi..." mkwe alianza, kwa mazoea.

"Nyamaza!" mama akafoka. "Hajala mtu. Mashine ilikuwa chafu, uchafu wangu wa miaka kumi na mmoja. Huyu ameula mwezi mzima ili wewe usiuone. Kamwambie tajiri wako hivyo hivyo."

Mpishi alikuna shingo. Alipakia sinia moja na nusu. Kila siku huyaacha yale matupu juu ya meza. Siku hiyo aliyabeba yote, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mama aliitazama ile meza tupu. Mkwe alianza kufuta machozi.

"Unalia nini? Usinililie hapa!" Sauti ilikuwa ile ile ya asubuhi, lakini ilimkatikia njiani. "Chukua sahani, ujipakulie. Zimebaki nyuzi chache kwenye ubao, hizo ni safi. Na kesho unipeleke nikapimwe macho."