Kuat wa Chini ya Meza

"Basi punguza hapo kwenye Kuat," Aidos alisema, mdomo umejaa mkate. "Chukua Kuat wa bei rahisi, mradi anawaka. Nani ataenda kumchungulia huko ndani?"

"Rudia hiyo," nikamwambia.

"Mama, nazungumzia kompyuta."

"Na mimi nazungumzia baba yako. Nyumba hii haijawahi kuingia Kuat wa bei rahisi. Aliyekuwapo alinila ujana wote, na sikudai chenji."

Mkaza mwana wangu Raihan, mke wa kaka yake Aidos na mwenye kompyuta na pesa zenyewe, aliinamia kikombe cha chai ili asionekane anacheka. Katika ugomvi ule alikuwa upande wangu, ila hakuweza kunisaidia kwa maneno, kwa sababu neno lenyewe lilikuwa mwiko kwake.

Kwa lugha yetu kuat ni nguvu, na hivyo ndivyo tunavyokiita kile kisanduku kizito kinachopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wenzake wote ndani ya kompyuta. Marehemu mume wangu naye aliitwa Kuat. Na mwanamke aliyeolewa kwetu hataji jina la baba mkwe, awe hai awe kaburini. Hutafuta neno la kando. Mimi baba mkwe wangu aliitwa Temir, yaani chuma. Nimeishi miaka chungu nzima nikiita kisu "kikatacho", sufuria "nyeusi" na reli, ambayo kwetu ni njia ya chuma, "ile ndefu". Siku moja nilimwomba karani wa stesheni tiketi ya ile ndefu, akanipa ya kwenda mpaka Moskva. Nilifika, nikanywa chai, nikarudi.

Raihan yeye alikiita kile kisanduku "Mzee".

"Shemeji," alimwambia Aidos, "Mzee akiwa dhaifu anaungua, na akiungua anaondoka na wenzake wote. Nitapunguza kwingine."

"Kwingine wapi? Laki tatu zako hizo, kadi ya picha za mchezo peke yake inakula mbili. Kasha lenye taa umelikataa. Utapunguza kwenye waya?"

"Kasha nitachukua lile lililobonyea ubavu. Sipigi picha nalo."

Huyo ndiye Raihan. Kazi yake ni kutoa damu watu kwenye kliniki ya mtaa wetu hapa Karaganda, mji wa migodi ya makaa, na jioni hupita nyumba kwa nyumba akichoma sindano wazee, ndiko zilikotoka zile laki tatu. Mkono wake ni mwepesi kiasi kwamba alimtoa damu jirani yetu aliyesinzia kitini, na yule bwana alipozinduka akauliza zamu yake itafika lini. Mkono huohuo ndio unaomfanya awe mdunguaji katika ule mchezo wao wa kompyuta wa kuvizia maadui kwenye mji uliobomoka. Timu yao inaitwa Wakaza Mwana. Wako watano, kila mmoja kaolewa mji wake, na wanasikilizana kwa vile vidude vya masikioni. Nimewasikia kwa masikio yangu: "Nilindeni hapo dirishani, nikageuze nyama."

Mwaka huu Wakaza Mwana waliingia fainali, Jumamosi alasiri. Na wiki ileile kompyuta kuukuu ya Raihan ikafa. Sikushangaa, ilikuwa inachemka hadi nilikuwa nakaushia jibini juu yake, na jirani wa ghorofa ya juu alikuwa ameacha kuvaa soksi. Lakini sheria ya mashindano ni watu watano. Wakiwa wanne, wanatolewa bila kupiga hata risasi moja. Wale wanne wengine walikuwa wanamngoja Raihan, na Raihan alikuwa anangoja soko lifunguliwe.

Tukaenda watatu. Mimi nilijipeleka mwenyewe, kwa kuwa Aidos anatengeneza simu na ana marafiki wauza vifaa, na mtu mwenye marafiki wauza vifaa anahitaji kuangaliwa.

Prosesa Raihan alichukua ya mwaka juzi. Muuzaji alipomwonyesha ya mwaka huu, akamwuliza kama ile ya mwaka juzi imesahau kuhesabu. Ubao mama alichagua wa kawaida, memori alichukua vipande viwili badala ya kimoja kikubwa, akasema wawili wakibeba mzigo unakwenda mbio. Hapo mambo yalikuwa mazuri. Kisha akafika kwenye kile kisanduku.

"Naomba pia na yule... mlishaji," alisema.

"Mlishaji gani, dada?"

"Yule anayewalisha wengine wote."

Muuzaji akafikiri, akanyoosha kidole nje. "Sambusa ziko geti la pili. Mwulize mama mwenye kilemba cha kijani."

Aidos alicheka mpaka akakaa juu ya maboksi. Nikasogea mezani mimi. Mimi ni mjane wa marehemu, jina la mume wangu nalitamka nikitaka hata kwa wimbo.

"Kijana, nipe Kuat. Imara, wa makamo, asiye na kelele."

Akaniwekea watatu. Nikawapima mkononi kama ninavyopima kuku. Wa kwanza alikuwa mwepesi, ungedhani kafungasha upepo. Nikaurudisha ule upepo kwa muuzaji, nikamkumbatia mzito kuliko wote.

"Huyu," nikasema. "Hata kifua chake ndicho."

Raihan alisoma maandishi yaliyobandikwa ubavuni, akatikisa kichwa. "Mama, huyu angelisha ghorofa nzima. Tukimchukua huyu sina kadi." Akamchukua wa katikati. Nilinuna kidogo, lakini huyo wa katikati naye alikuwa na mabega.

Sasa ikabaki kadi ya picha, na pesa iliyobaki ilikuwa ya nusu kadi. Muuzaji akatazama huku na huku, akatoa moja chini ya meza, haina boksi.

"Hii nusu bei. Ila sitakuficha, imetoka mgodini."

"Mgodi upi?" nikauliza haraka, maana migodi yote ya hapa naijua kwa majina.

"Si wa makaa, bibi. Zile sarafu za kwenye mtandao. Ilikuwa inachimba usiku na mchana. Mgodi ukafungwa, zikauzwa zote."

"Usiiguse, shemeji," Aidos akasema. "Hizo zimechoka. Zimetumika mpaka zimekwisha. Mchimbaji mstaafu wa nini?"

Hapo nilimgeukia. Baba yake alichimba maisha yake yote. Alikuwa na mapafu ya namna hii: alipiga chafya siku moja kule chini, makaa ya wiki nzima yakajidondokea yenyewe, wenzake wakarudi nyumbani mapema. Siku aliyostaafu alibeba jokofu mgongoni mpaka ghorofa ya tano, akauliza kama kuna lingine.

"Wewe," nikamwambia, "umekula na kuvaa kwa mchimbaji, leo mstaafu wa nini?"

"Mama, hiyo ni plastiki na feni."

"Na wewe ni nini?"

Raihan alituacha tugombane. Alimwambia muuzaji aichomeke, aipe kazi nzito, na isizimwe mpaka chai iishe. Muuzaji akaleta chai. Raihan aliweka vidole viwili juu ya kadi, vilevile anavyotafuta mshipa, akafumba macho.

"Feni moja inayumba," alisema baadaye. "Nyingine nzima. Joto lake la kawaida. Punguza bei ya feni."

Muuzaji akapunguza. Tukatoka sokoni na nauli, na sambusa tatu kutoka kwa yule mama wa kilemba cha kijani.

Jumamosi mezani hapakulika chakula. Raihan aliunga vitu vyake juu ya kitambaa safi kimoja baada ya kingine, Aidos akimshikia taa. Ile feni alishaitia mafuta na kuikaza. Mashindano yakiwa yamekaribia, akabonyeza kitufe.

Kimya.

Akabonyeza tena. Simu yake ilikuwa inatetemeka mfululizo. Wakaza Mwana walikuwa wanauliza yuko wapi. Aidos alifungua mdomo aseme jambo la mchimbaji, nikamtazama, akaufunga. Raihan alifuatilia waya mmoja mmoja kwa kidole, kisha akaguna.

"Shemeji, wewe uko huko nyuma. Kuna swichi ndogo mgongoni. Mwashe."

"Nimwashe nani?"

"Mzee."

"Mzee gani? Huku nyuma nawaona wengi."

"Shemeji, tafadhali. Wanaanza sasa hivi."

"Mtaje nimjue."

Mwanangu huyo nilimzaa siku ya dhoruba, akili nyingine ilipeperuka. Raihan akanigeukia. Uso ulikuwa mwekundu na macho yamelowa. Hofu yake haikuwa kwangu, ilikuwa kwa wifi yangu Kulpash, dada mkubwa wa marehemu. Sikukuu ya Nauruz, mwaka mpya wetu, Raihan aliteleza akasema "nguvu" kwa lugha yetu, na Kulpash akamsimamisha amimine chai ya ukoo mzima mpaka birika likatoboka.

"Sema, mwanangu," nikamwambia. "Marehemu alikuwa anaitwa jina lake hata na mbuzi, akaitika. Na Kulpash hayupo hapa."

Raihan akavuta pumzi. "Shemeji, mwashe Kuat."

Swichi ikalia. Feni zikazunguka, kioo kikaleta mwanga, na wanawake wanne wakasikika wakimwita kwa pamoja. Raihan akavaa vidude vyake masikioni, akaupa mlango mgongo, akashika kipanya. Watano wakawa watano.

Aidos alikuwa bado kachuchumaa chini ya meza, kafurahi kama si yeye. "Anapumua vizuri," alisema. "Mama, njoo mguse. Ana joto, lakini la kistaarabu."

Nikainama, nikaweka kiganja. "Kumbe kweli. Na hakoromi kama zamani."

"Na yule wa mgodini?"

"Kimya. Anachimba."

Raihan akasema kwa sauti kubwa, ile ya mtu aliyeziba masikio: "Mama, nimeshamdungua mmoja. Na huyu Kuat wetu mpya hafi, nakuambia. Huyu anawazika wote."

Nikageuza kichwa. Mlango tulikuwa hatukuufunga, na Kulpash alikuwa amesimama kizingitini na bakuli la maandazi, theluji bado mabegani, akitazama mkono wangu chini ya meza.