Jicho la Kulia la Hajati Rahmah

Duka la Hajati Rahmah liko Nateete, nyuma ya soko, na utalijua kwa pua kabla ya kuliona. Anauza udi, manukato na wanja, kazi aliyoachiwa na baba yake, ambaye wazee wake walikuja Buganda na misafara kutoka pwani. Mimi hupita hapo nikitoka Kasubi, nikapewa chai, na haya nayaandika kwa ruhusa yake.

Hajati ana presha ya macho, ile madaktari wanaita glakoma. Jicho la kushoto lilikwisha kuzimika. Limebaki la kulia, na daktari alimwambia atie matone asubuhi na jioni, maisha yake yote, ili hili lisifuate lile.

Akatii. Lakini miaka ilivyokwenda, matone yakaanza kumchoma. Jicho likawa jekundu, kavu, kama lina mchanga. Mwanawe Rafiq akamtania, "Mama, wateja watasema nakupiga."

"Umpige nani wewe, na kuku tu kumchinja unamwita jirani?"

Alicheka, ila moyoni alishakata shauri. Dawa gani hii inayounguza jicho? Akaacha matone bila kumwambia mtu, akarudi kwenye wanja, ule aliokuwa akipakwa na mama yake kila Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa. Jicho likapoa. Wekundu ukapungua. Akamshukuru Mungu, akadhani amepona.

Kumbe presha ya macho haiumi. Inakula kimya kimya.

Siku moja mteja alimnyooshea mkono wa salamu kutoka pembeni, Hajati asiuone. Rafiq alikuwa amesimama na chetezo mkononi. Akamtazama mama yake. Kesho yake akampeleka kliniki.

Nesi Filda, Mwacholi mmoja mpole, alimfuta wanja kwa pamba, akampima.

"Mama, matone uliacha lini?"

"Nani kasema nimeacha?"

"Jicho lako limesema."

Hajati akainama. "Yalikuwa yananiunguza, mwanangu."

"Ungekuja kutuambia. Mle kwenye chupa wanatia kemikali ili dawa isiharibike, na kwa miaka mingi inachubua uso wa jicho. Kuna matone yasiyo nayo. Na kuna machozi ya dukani, ya kulainisha jicho. Lakini ukiacha dawa, jicho linakwenda."

"Na lililokwisha kwenda, litarudi?"

"Hapana, mama."

Daktari akabadilisha dawa. Filda akamfundisha: tone moja, fumba jicho, bonyeza kona ya ndani karibu na pua, halafu ngoja kidogo kabla ya kutia yale machozi. Wanja basi. Na moshi akae nao mbali.

"Moshi ndio duka langu," alisema Hajati.

"Najua, mama."

Siku hizi chetezo kinakaa barazani, na Rafiq ndiye anayewasha. Hajati alikuwa akiujua udi wa kweli kwa kuutazama unavyotoa mafuta juu ya kaa. Sasa anakaa ndani.

Juzi nilikuwa pale na chai yangu, akaja mama mmoja kununua udi wa harusi, akamwita Hajati atoke amchagulie.

"Nenda kwa Rafiq, mwanangu. Mimi saa yangu ya dawa imefika."

Akatia tone, akafumba, kidole kwenye kona ya jicho. Moshi ulipita mlangoni ukaelekea barabarani. Alipofumbua, aligeuza shingo huku na huku mpaka akanipata.

"Mzee, chai imepoa?"

Nikamwambia bado.