Namba ya Juu Kabisa

Nilifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha kiwanda, Likasi, na sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia mkurugenzi wetu.

Kompyuta ile ilikuwa na ubongo mmoja, ukiendesha programu mbili kwa zamu za haraka mno. Kila programu ilibeba namba. Yenye namba kubwa ilipewa zamu kwanza, nyingine ikaokota mabaki. Programu yenye adabu, ikiwa inangojea kitu, hujishushia namba yenyewe ili mwenzake apite. Ile ya kulinda matangi ya asidi yasifurike tuliiweka juu siku zote.

Asubuhi moja mkurugenzi aliingia na ripoti ya kuwapokelea wakubwa wa chama tawala. Akaamuru programu ya kuichapa ipewe namba ya juu kabisa. Nikaipa. Mara karatasi ikakwama kwenye printa. Programu ya ripoti haikujishusha, ikawa inauliza tu kama printa iko tayari, inauliza tena, inauliza tena, ikimeza zamu zote. Taa za kuonyesha kina cha matangi zikaganda.

“Citoyen directeur,” nikamwita mkurugenzi kwa cheo chake, “programu yenu inangojea tu. Tuishushe. Bantu ba ku matangi ya asidi habaone kitu.”

“Hapana gusa! Miye njo chef, miye njo mukubwa hapa. Weye mwanamuke utanifundisha?”

Nikanyoosha mkono kwenye kibodi. Akaupiga kofi. Mwenzangu niliyekuwa naye kazini, aliyekuwa akitutazama, akageukia ukuta.

Tangi likafurika. Baba mmoja aliyekuwa akiosha sakafu chini yake akaungua miguu yote miwili. Tulimsikia yeye kabla ya king'ora.

Kwenye uchunguzi mkurugenzi alisema nimefanya hujuma, neno ambalo siku zile lilitosha kumtia mtu gerezani. Nikasimama. “Muongo! Ulinipiga mukono!” Mwenzangu alipoulizwa, akajibu kwamba hakuona.

Sikufungwa. Walinipeleka machimbo ya chokaa, Kakontwe, nikale vumbi. Yeye akapandishwa cheo, akahamia Lubumbashi.

Mke wa yule baba alinikuta sokoni. Nikamweleza yote: namba, printa, kofi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akatema mate mbele ya viatu vyangu.

“Yeye iko Lubumbashi,” akasema. “Weye njo niko nakuona.”

Nilinunua unga wangu nikaenda nyumbani, nikiwa na hasira, na sikujua hata imwendee nani.