Nilinunua Televisheni Nimwone Mke Wangu

Tangu niilete ile televisheni nyumbani, kila jirani anayepita ananiuliza swali lilelile: mzee, inafaa? Ile ya 4K, ya picha kali kupita zote, inafaa kununua? Nami nawajibu kwa hasira, kwa sababu wananikumbusha. Kama ni mpira, usijisumbue. Hapa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, tunapanga viti kuzunguka kuta za sebule kana kwamba kila siku tunangoja wakwe, na aliyekaa kwenye kiti cha mbali, karibu na mlango, hawezi kujua kama picha ina nukta mia au milioni. Macho ya uzee ni yaleyale. Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya mpira.

Niliinunua nimwone mke wangu.

Huu ni mwaka wa tatu tangu afariki, na mwaka huu nimeanza kumpoteza mara ya pili. Asubuhi moja nikinyoa ndevu nilijiuliza: lile kovu lake dogo la kwenye nyusi lilikuwa upande gani? Sikujua. Miaka thelathini na mmoja nimekula naye meza moja, na sikujua! Niliweka wembe chini, nikakaa kitandani nikalia, na povu bado liko shavuni.

Picha zake hazisaidii. Huyu mama hakuelewana na kamera hata siku moja. Kila picha ya simu amekinga uso kwa kiganja, na ile ya kitambulisho amenuna kama anayegombana na mpiga picha. Kilichobaki ni diski moja tu, ya posa ya binti yetu, miaka kumi na mitano iliyopita. Humo yupo, ndani ya mshanana wa kijani, lile vazi la sherehe la kufunga begani, amekaa kati ya shangazi zangu, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha yule mpiga video, mtu asiye na adabu kabisa, anageuza kamera anamwacha. Ng'ombe wa mahari amewapiga picha mpaka wamechoka kutafuna. Wasemaji wa pande zote mbili amewapiga mpaka wamekaukiwa mate. Mke wangu, sekunde kumi! Nimemlaani mtu yule mpaka nimechoka.

Televisheni yetu ya zamani, ile ya chogo, ilikuwa ndogo, na spika yake ilikoroma tangu unapoiwasha mpaka unapoizima. Kwenye kioo kile uso wake ulionekana vizuri kiasi chake, ila kovu halikuonekana. Nikajiambia, shida ni kioo. Muuzaji mjini ndiye aliyenimaliza: "Muzee, na iyi utaona ata kinyweleo moja-moja. Uso ya mutu inakuwa sawa vile iko apa mbele yako." Apa mbele yako! Angemwambia mtu mwingine ningecheka. Nilibeba. Na kwa kiburi cha siku ile, ile ya chogo nikampa mama mmoja mfanyabiashara, akavuka nayo mpaka, ikaenda zake Goma.

Jumamosi mchana binti yangu akaja kunifungia waya za deki. Nilikuwa nimeoga, nimevaa shati safi. Ndiyo, shati safi, cheka ukitaka. Mtu unakwenda kuonana na mkeo, utavaa nini?

Picha ikaja. Akatokea, mkubwa kuliko alivyokuwa hai, na hana uso. Palipokuwa na uso palikuwa na viraka vya kahawia vinavyotetemeka. Nikasogea, viraka vikazidi. Nikarudisha nyuma, nikaanza upya, nikarudisha tena.

"Baba, haiwezekani," binti yangu alisema taratibu. "Diski ni ya zamani, kilichomo ni kilekile. Umeinjika sufuria la harusi kupika kikombe kimoja cha mchele."

"Nyamaza."

"Baba, nakuambia ukweli..."

"Nimesema nyamaza!"

Akaegemea mlango wa jikoni akaniangalia, na nilijua ananihurumia, jambo lililonichoma zaidi. Yeye mwenyewe nilikuwa nimemuuliza habari ya kovu. Alisema kulia, baadaye akasema labda kushoto. Nikavuta kiti mpaka magoti yakagusa kabati la televisheni, kwa ukaidi tu, nikabonyeza tena.

Hii mpya haikoromi. Sebule ilikuwa kimya, na chini ya ngoma za wageni nikasikia sauti. Yake. Mungu wangu, sauti yake! Miaka yote hiyo niliona midomo yake inacheza, nikadhani anaitikia wimbo na wenzake. Kumbe alikuwa anamwambia mpiga video, kwa kile Kiswahili chake cha Goma alikokulia, ambacho nilimtania kwacho tangu uchumba, naye akinijibu kuwa changu cha Tanzania, nilikokulia mimi, kina kiburi:

"Mi uniache, bwana. Piga muzee wangu ule pale. Angalia vile anapendeza leo!"

Kamera ikageuka, ikamwacha, ikaja kwangu.

Kwetu siku ya posa baba wa binti hasemi. Ana msemaji wake; kazi yake yeye ni kukaa na kuheshimika. Basi nimekaa, ndani ya koti la kuazima, shingo nimeinyoosha, uso nimeukaza. Dakika nzima. Ya pili nayo. Mke wangu alikuwa viti vitatu kutoka kwangu, ananitazama, na mimi nimekodolea ng'ombe macho. Sikugeuka hata mara moja.